Kwa nini hamu ya kusoma vitabu hukatika, na jinsi ya kuirudisha

Mtu mzima aliyepoteza hamu ya kusoma huanza kujilaumu kabla hajaulizwa lolote. Hapa Moshi nimeyasikia malalamiko hayo kwa walimu, kwa wauguzi, kwa makarani wa vyama vya ushirika na kwa vijana waliomaliza chuo juzi tu, na maneno yao hufanana: zamani nilikuwa namaliza riwaya kwa siku mbili, sasa kurasa tatu zinanishinda, nimekuwa mvivu. Anayewasikiliza naye huwa na ushauri uleule wa siku zote, kwamba wajilazimishe, wajiwekee idadi ya vitabu vya kumaliza kwa mwaka, wazime televisheni. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini unachukulia kwamba tatizo ni moja na kwamba limekaa katika utashi wa mtu. Ukichunguza kwa makini utaona kwamba hali inayoonekana moja kwa nje ina vyanzo visivyofanana hata kidogo, na kwamba dawa ya chanzo kimoja yaweza kukizidisha kingine. Mwenye macho yaliyochoka akijilazimisha ataishia na maumivu ya kichwa, na mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, akijiwekea idadi ya vitabu atakuwa amejiongezea jambo jingine la kujihukumia.

Jambo la kuanzia, basi, ni kujichunguza katika zile dakika chache za kwanza baada ya kitabu kufunguliwa, kwa kuwa ndipo chanzo hujionyesha. Wapo ambao herufi huwachezea, macho huwatoa machozi na kichwa huanza kuwagonga kabla ukurasa haujaisha. Wapo wanaosoma mistari yote mpaka chini ya ukurasa, wasiweze kueleza wamesoma nini. Wengine huelewa vizuri kabisa, ila mkono huifuata simu bila hata wao kukusudia. Wengine hawaoni ugumu wowote, bali hawajali tena yatakayompata mhusika wala hoja itakapoishia, na kutojali huko hakuko kwenye vitabu peke yake. Na wapo, nao ni wengi kuliko tunavyokiri, ambao hawajafungua kitabu kwa hiari tangu walipotoka kwenye chumba cha mtihani wa mwisho, na wanadhani wamepoteza kitu ambacho kwa kweli hawakupata nafasi ya kuwa nacho.

Nianze na macho, kwa sababu ndicho chanzo kinachopuuzwa kuliko vyote ilhali kurekebishwa kwake ni kwepesi. Lenzi iliyo ndani ya jicho huwa laini utotoni, nayo hubadili umbo ili mtu aone vitu vya karibu. Kadiri miaka inavyokwenda hukakamaa, na kuanzia umri wa miaka 40 hivi watu huanza kupata shida ya kuona maandishi yaliyo karibu. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 uliikuta hali hiyo kwa takriban asilimia 62 ya watu wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 wanaishi na tatizo hilo bila kupata miwani inayowafaa. Kwa kuwa uwezo hupungua polepole, mtu hatambui kwamba macho ndiyo yaliyobadilika. Anachokitambua ni kwamba kusoma kumekuwa kazi, kwamba usingizi humjia mapema na kwamba kitabu hakimvuti, naye huhitimisha kuwa hamu imekwisha.

Mama mmoja anayeuza mitumba Kiborloni aliwahi kuniambia kuwa aliacha kusoma kwa sababu vitabu vya siku hizi vinachosha. Nilimwomba anisomee mistari michache ya kitabu nilichokuwa nacho. Alikishika, akakisogeza mbali mpaka mkono ukanyooka, akakielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, akainua kidevu, akasoma sentensi mbili, akakiweka juu ya rundo la nguo. Yote hayo aliyafanya bila kujua kwamba anayafanya, na mtu yeyote aliyemtazama angeona kwamba alichokihitaji ni miwani ya kusomea. Miwani hiyo huuzwa hata mikononi mwa wamachinga, lakini mimi humshauri kila aliyevuka miaka 40 apimwe kwanza, kwa kuwa presha ya macho huharibu mshipa wa fahamu wa jicho bila kuuma na bila dalili za mapema, na kipimo kile kile cha miwani ndicho huwa fursa ya kuigundua. Wakazi wa Moshi hawana mbali pa kwenda: hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina idara ya macho inayopokea wagonjwa kutoka mikoa mingi ya kaskazini. Pamoja na miwani itazamwe taa pia. Nyumba zetu nyingi zina balbu moja katikati ya dari, na anayekaa akiipa mgongo husoma kwenye kivuli cha kichwa chake mwenyewe. Akihamisha kiti tu, nusu saa ya kusoma humwia nyepesi kuliko dakika kumi za mwanzo.

Chanzo cha pili, yaani kuzoea kusoma kwa ajili ya mtihani tu, kinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu kimejengwa na historia yetu ya elimu. Katika miaka ya 1960 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kampeni zikaenea hadi vijijini, na kufikia mwaka 1977 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi asilimia 27 hivi. Ni mafanikio ambayo mataifa machache yaliyapata kwa muda mfupi namna ile, na ninayataja kwa fahari. Lakini kujua kusoma na kuwa na mazoea ya kusoma ni mambo mawili, na la pili halikupata nguvu sawa na la kwanza. Vitabu vya kuendeleza mazoea hayo vilikuwa haba, na uchumi ulipodorora katika miaka ya 1980 vikawa haba zaidi, hata kitabu kikabaki katika fikra za familia nyingi kama kifaa cha shule, kama sare na daftari.

Kisha mtoto wa Kitanzania anakutana na mpito mgumu. Katika shule nyingi za msingi, na hasa za serikali, hufundishwa kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza, akiwa na miaka 13 au 14. Huo ndio umri ambao, kama angekwisha kupata hadithi za kutosha katika lugha anayoimudu, angeanza kusoma mwenyewe usiku kwa kuibia taa. Badala yake, kila kitabu anachoshika kwa miaka minne kinamgharimu mara mbili, mara moja kuielewa lugha na mara ya pili kulielewa somo. Riwaya na tamthiliya humfikia zikiwa na maswali ya mtihani yaliyokwisha kuambatishwa: taja dhamira tatu, eleza wahusika, onyesha tamathali za semi. Wanafunzi wengi hawakisomi hata kitabu chenyewe. Husoma uchambuzi uliotolewa kopi na madesa yanayopita mkono hadi mkono, kwa kuwa hayo ndiyo yanayojibu maswali. Siwalaumu, wala siwalaumu walimu wao, ambao wana madarasa ya watoto wengi na silabasi isiyongoja. Ila yapaswa kuelezwa wazi kwamba mtu aliyepita njia hiyo amefundishwa, kwa vitendo na kwa muda mrefu, kwamba kusoma ni kazi inayolipwa kwa alama.

Madhara ya malipo ya aina hiyo yamechunguzwa. Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto wa chekechea nchini Marekani waliokuwa wakipenda kuchora. Baadhi yao waliahidiwa cheti chenye utepe kama wangechora, wengine walipewa cheti bila kuahidiwa, na wengine hawakupewa chochote. Wiki moja hadi mbili baadaye, kalamu za rangi zilipowekwa tena darasani bila ahadi yoyote, watoto waliokuwa wameahidiwa cheti walizitumia kwa takriban nusu ya muda walioutumia wenzao. Kilichokuwa mchezo kwao kilikuwa kimegeuka kazi, na kazi isiyo na ujira huachwa. Sioni ajabu, basi, kwamba kijana aliyekuwa akisoma mpaka saa nane za usiku wakati wa kidato cha sita hashiki kitabu miezi sita baada ya matokeo. Ujira umekoma, na chini ya ujira hapakuwa na sababu nyingine iliyokwisha kuota mizizi.

Kwa mtu wa namna hii, kujiwekea lengo la vitabu 20 kwa mwaka ni kuurudisha mtihani nyumbani. Ataanza kuchagua vitabu vyembamba ili atimize hesabu, atapitia kurasa haraka haraka ili amalize, na akichelewa mwezi Machi ataacha kabisa kwa aibu. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, waliotumia miongo kadhaa kuchunguza kinachomfanya mtu atende jambo kwa moyo wake, wanataja mahitaji matatu: mtu aone kwamba amechagua mwenyewe, aone kwamba anaweza, na aone kwamba jambo hilo linamuunganisha na wenzake. Usomaji wa shuleni uliwanyima wengi yote matatu, kwa hiyo kuuanza upya kunataka yote matatu yarudishwe. Kuchagua mwenyewe maana yake ni pamoja na kuchagua kitabu ambacho wengine watakiona chepesi: hadithi za upelelezi, mapenzi, maisha ya wachezaji mpira, ufugaji wa nyuki. Maana yake pia ni ruhusa ya kuacha. Kitabu kisichomvuta msomaji baada ya kurasa 40 au 50 kifungwe bila kuombwa radhi. Nimeona watu waliokaa mwaka mzima bila kusoma chochote kwa sababu tu kulikuwa na kitabu kimoja kizito kando ya kitanda ambacho waliona haya kukiacha na hawakuweza kukiendeleza.

Suala la lugha nalo linaendelea baada ya shule, na hapa Kaskazini lina sura yake. Mkoa wa Arusha unaishi kwa utalii na kwa mashirika ya kimataifa, na Kiingereza ni njia ya ajira. Kwa hiyo mtu anayeamua kurudi kwenye vitabu mara nyingi huanza na vile vya Kiingereza vya kutafuta mafanikio, vinavyouzwa pembeni mwa barabara za katikati ya mji, akitarajia kupata mambo mawili kwa mkupuo, maarifa na lugha. Anachokipata aghalabu ni kukata tamaa. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000, uliowahusu watu wanaojifunza Kiingereza, ulionyesha kwamba ili mtu asome hadithi kwa raha bila msaada anahitaji kuyajua takriban asilimia 98 ya maneno yaliyomo, yaani asikutane na neno geni zaidi ya moja katika kila maneno 50. Chini ya hapo kusoma huwa ni kukisia, na akili inayokisia muda wote huchoka upesi.

Kipimo chake chaweza kufanyika ukiwa umesimama mbele ya meza ya muuzaji. Fungua ukurasa wa katikati, si wa kwanza, kwa kuwa waandishi huupamba wa kwanza. Soma kwa mwendo wako wa kawaida, na kwa kila neno usilolijua kunja kidole kimoja. Ukurasa wa kawaida una maneno 250 hadi 300. Kwa hiyo vidole vyote vya mkono mmoja vikikunjika kabla hujafika chini, kitabu hicho ni cha kujifunzia lugha ukiwa na kamusi mezani, nacho kina manufaa yake, lakini hakitakurudishia hamu. Cha kurudisha hamu kitafutwe katika lugha unayoitumia hata ndotoni. Kwa wengi wetu lugha hiyo ni Kiswahili, na ninasikitika kila ninapomwona msomi akiona haya kushika riwaya ya Kiswahili hadharani kana kwamba amerudi darasa la tatu.

Zaidi ya maneno, kuna ujuzi wa jambo lenyewe. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa Marekani habari ya mchezo wa besiboli, wakagundua kwamba wanafunzi waliohesabiwa kuwa wasomaji dhaifu lakini wanaoujua mchezo huo waliielewa na kuikumbuka kuliko wasomaji hodari wasioujua. Nimelishuhudia jambo hilohilo kwa kijana mmoja wa Sakina anayeongoza watalii. Kitabu cha Kiingereza cha kanuni za utajiri kilimshinda katika sura ya pili, lakini kitabu kinene cha ndege wa Afrika Mashariki, chenye Kiingereza kigumu zaidi, amekisoma mpaka jalada limetoka, na hunisahihisha ninapochanganya majina ya tai. Yeye mwenyewe hakuwa akikihesabu hicho kuwa kusoma. Kwake kilikuwa kitendea kazi. Kwa hiyo anayetafuta pa kuanzia aanzie kwenye jambo analolijua kwa mikono yake, awe mkulima wa kahawa wa Machame, fundi magari wa Unga Limited au mkunga, kwa sababu ujuzi alionao utazijaza nafasi ambazo mwandishi ameziacha wazi.

Sasa simu, ambayo wengi wangeitaja kwanza. Nimeichelewesha kwa makusudi, kwa kuwa lawama inayobebeshwa ni kubwa kuliko inayostahili, ingawa inayostahili nayo si ndogo. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine amekuwa akipima ni muda gani wafanyakazi wa ofisini hukaa kwenye jambo moja la skrini kabla ya kuhamia jingine. Mwaka 2004 wastani ulikuwa dakika mbili na nusu hivi, na katika vipimo vya miaka ya karibuni umekuwa sekunde 47. Mtafiti mwingine, Sophie Leroy, alieleza mwaka 2009 kwamba mtu anapohama kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya umakini wake hubaki kwenye ile ya kwanza. Anayesoma aya tatu, akajibu ujumbe wa kikundi cha michango ya harusi, akarudi kwenye aya ya nne, hajarudi mzima. Bado anawaza kama kiasi alichoahidi kitatosha.

Kitabu huumia kwa hali hiyo kuliko maandishi mafupi, na sababu iko katika jinsi kusoma kunavyofanyika. Jicho halitiririki juu ya mstari, bali huruka na kutua, likikaa kwenye kila kituo kwa takriban robo ya sekunde, na akili huunganisha vituo hivyo kuwa maneno, maneno kuwa maana, na maana kuwa picha nzima ya watu, mahali na kisa. Picha hiyo ndiyo inayozaa hamu ya kuendelea. Hujengwa pole pole katika kurasa za mwanzo, wakati majina bado ni mageni na hakuna kinachoeleweka kinaelekea wapi, kwa hiyo sehemu yenye gharama kubwa ya kitabu ni mlangoni pake. Mtu anayesoma kwa vipande vya dakika tatu tatu hulipa gharama ya mlangoni kila siku na haingii ndani kamwe. Ndiyo maana nashauri mara ya kwanza mtu akae na kitabu kwa nusu saa au saa nzima bila kukatizwa, jioni ya Jumamosi au Jumapili baada ya ibada, hata kama siku zitakazofuata atasoma dakika 15 tu. Akiwa amekwisha kuwajua wahusika, hizo dakika 15 zitamtosha.

Kusema tu kwamba simu izimwe hakutoshi kwa watu wa hapa. Dereva wa bodaboda, wakala wa fedha, mwuza nyanya anayengoja kupigiwa na mteja wa Soko la Kilombero, wote hao simu ndiyo duka lao, na ushauri usiolijali hilo umetungwa kwa ajili ya watu wengine. Kwao swali huwa ni saa ipi ya siku ambayo simu haidai kitu. Kwa mmoja ni alfajiri kabla vifodi, zile daladala ndogo, havijajaa, kwa mwingine ni baada ya saa tatu za usiku duka likiwa limefungwa. Katika saa hiyo simu ikae chumba kingine, siyo mfukoni wala juu ya meza ikiwa imegeuzwa kifudifudi.

Na kitabu kikipatikana cha karatasi, ni bora. Mwaka 2018 watafiti wa Hispania na Israeli walijumlisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakaona kwamba watu huelewa zaidi wanaposoma kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, hasa maandishi ya maarifa na hasa wanapokuwa na haraka. Kwa hadithi tofauti hiyo haikuonekana. Mwenye riwaya kwenye simu, basi, asihuzunike, ila aizime intaneti kabla ya kuifungua.

Kuna chanzo ambacho ningependa kisipitwe haraka, maana nimeona watu wakiteseka nacho bila kukijua. Hojaji ya maswali tisa inayotumiwa hospitalini duniani kote kuchunguza sonona huanza kwa kuuliza kama katika wiki mbili zilizopita mtu amekosa hamu au furaha ya kufanya mambo, na swali lake la saba huuliza kama amepata shida ya kutuliza mawazo, likitoa mfano wa kusoma gazeti. Maana yake ni kwamba kushindwa kusoma kwaweza kuwa dalili, na huko hamu ya vitabu haikatiki peke yake: chakula hakina ladha, kwaya haivutii, mpira hautazamwi, usingizi umepungua au umezidi, na mtu hujiona hana thamani. Msiba pia huleta hali hiyo kwa muda, na aliyefiwa asijishurutishe na vitabu. Hamu yake aghalabu hurudi taratibu pamoja na mambo mengine. Lakini ikiwa hali imedumu zaidi ya wiki mbili na imegusa mambo mengi, pa kwenda ni hospitali, iwe Mawenzi na KCMC kwa walio Moshi au Mount Meru kwa walio Arusha, na mtu aeleze yote, pamoja na hilo la kusoma. Orodha za vitabu zinaweza kusubiri. Mawazo ya kujidhuru yakimjia, asingoje hata siku moja.

Kwa aliyejiona hayuko katika hali hiyo, kinachobaki ni kujenga mazoea, na hapa subira inahitajika kuliko juhudi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha mwaka 2010 uchunguzi wa watu waliokuwa wakijizoeza jambo jipya kila siku, wakakadiria kwamba ilichukua siku 66 kwa kati mpaka jambo hilo lifanyike lenyewe bila kujisukuma, ila tofauti baina ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Walikuta pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kilichokwisha kujengwa. Matokeo hayo ya mwisho nayapenda sana, kwa sababu watu wengi huacha kabisa siku ile ya kwanza wanayoruka. Mazoea hushika haraka yakifungwa kwenye jambo ambalo tayari hufanyika kila siku: baada ya chai ya jioni, baada ya kuwalaza watoto, saa ya kungoja ndizi ziive. Miezi ya Juni na Julai, wakati baridi ya Arusha inapowaingiza watu ndani mapema, ni majira mazuri ya kuanzia.

Bei ya vitabu ni kikwazo cha kweli, na sitaki kumwambia mtu anayelipa ada za shule kwamba anunue. Sheria iliyoanzisha bodi ya maktaba za umma nchini ilipitishwa mwaka 1963, Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na mtandao huo umefika mikoani, Arusha na Moshi zikiwamo. Ukiingia katika maktaba hizo utakuta meza zimejaa wanafunzi wanaosoma madaftari yao wenyewe, na watu wazima ni wachache kwenye rafu za hadithi. Wakubwa wengi hudhani pale si pao. Ni pao, na rafu zile hubaki jinsi zilivyo kwa muda mrefu kwa sababu hakuna anayeuliza kitabu kisichokuwapo.

Hitaji la tatu walilolitaja Deci na Ryan, lile la kuunganishwa na wenzake, mtu hawezi kujipatia akiwa peke yake chumbani. Kampeni ya elimu ya afya ya mwaka 1973, iliyoitwa Mtu ni Afya, iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vidogo vilivyosikiliza redio, vikasoma kijitabu pamoja na kujadiliana, na aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Wengi wa wazee wetu walikutana na maandishi kwa namna hiyo, kwa sauti na mbele ya wenzao. Kikundi cha watu wanne au watano chaweza kufanya vivyo hivyo Majengo au Ngarenaro kwa nakala moja tu ya kitabu. Mmoja asome kwa sauti kurasa nane au kumi, kisha ampe mwingine. Aliyesahau miwani asikilize. Watoto wakija kukaa karibu wasifukuzwe. Kitabu cha kwanza kiwe kifupi, cha kumalizika kwa vikao vitatu au vinne, ili watu wapate kuona mwisho wake kabla shughuli za msimu wa kahawa au za mwisho wa mwaka hazijawatawanya, na kabla ya kuachana wawe wamekwisha kukubaliana nani ataazima kinachofuata na watakutana nyumbani kwa nani.